Skrini Isiyotulia

Mwalimu Mkuu aliishika picha yake kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitambaa cha kamasi cha mtu mwingine. Akaipeleka mlangoni penye jua, akaitazama, kisha akarudi nayo ndani.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Si wewe huyo, Mwalimu!" Shangazi, mwenye studio ya picha, alijibu kwa sauti iliyotiwa sukari. "Tena umependeza. Umeng'aa."

"Nimeng'aa." Mwalimu Mkuu aliilaza picha juu ya meza ya kioo, akaulaza na mkono wake kando ya picha. Mkono ulikuwa mweusi wa kuiva, mweusi wa kahawa iliyokaangwa na mtu mwenye subira. Sura ya kwenye picha ilikuwa kama ukuta uliopigwa chokaa juzi. "Mkono huu nimezaliwa nao. Sura hii mmeitoa wapi? Miaka sitini naamka na ngozi yangu, nyinyi mmeimaliza kwa asubuhi moja. Mama, mimi nilikuja kupigwa picha. Sikuja kuogeshwa."

Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri picha za pasipoti alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Picha hii inatundikwa ukumbini Alhamisi mchana, siku ninayostaafu," Mwalimu Mkuu aliendelea, "kando ya wakuu sita walionitangulia. Wote wana sura zao. Mimi sitakaa pale miaka na miaka kama mzimu. Nitakuja Alhamisi saa sita. Nikiikuta hivi, nitavuka barabara niende kwa mwenzenu wa ng'ambo. Na huyo anayeshika nafasi yangu nitamwachia neno moja: wanafunzi mia saba wasikanyage hapa kwa picha za vitambulisho."

Akaondoka. Ilikuwa Jumatatu.

Nyuma ya pazia la chumba cha kompyuta, Kimya alikuwa amesikia kila neno. Walimwita Kimya kwa kuwa ukimtuma anakwenda, ukimkaripia ananyamaza, na ukimsifu anatafuta mahali pa kujificha. Alikuwa binti wa kaka yake Shangazi, na kwa miaka minne kazi yake katika studio ile ilikuwa kusafisha sura: kuondoa chunusi iliyoota siku ya picha bila kugusa kovu la utotoni, kunyoosha kola iliyokunjamana, na kuhakikisha kila mtu anatoka kwenye printa na rangi ile ile aliyoingia nayo mlangoni. Hilo la mwisho ndilo alilolionea fahari. Mtu anaweza kuazima koti la picha, tai ya picha, hata tabasamu la picha. Ngozi haiazimwi.

Pazia likafunguka.

"Umesikia aibu uliyoniletea?" Shangazi aliuliza.

"Nimesikia, Shangazi."

"Basi sikia na hili. Alhamisi picha ikitoka vibaya, kiti hicho nampa mkwe wangu. Wewe utahamia kwenye mkasi na ufagio."

"Shangazi, ni skrini. Inabadilika yenyewe."

"Skrini ina mikono?"

Unamjibu nini mtu aliyeuliza swali kama hilo akiwa ameshika kiuno?

Lakini skrini ilikuwa ikibadilika, na ilianza kubadilika tangu siku ilipoingia. Kompyuta ya zamani, ile kubwa ya mezani iliyokuwa ikiunguruma kama mashine ya kusaga, ilikata roho miezi miwili nyuma. Mahali pake mkwe wa Shangazi alileta kompyuta mpakato nyembamba, nyepesi, yenye skrini nzuri kama kioo cha bibi harusi. Ila ilikuwa haitulii. Studio ile ilijulikana kwa picha kubwa za kitambaa cheusi: mtu anakaa mbele ya pazia jeusi tititi, taa moja inampiga shavuni, na sura inatokeza gizani yenyewe. Sasa Kimya akiifungua picha kama hiyo, skrini ilififia polepole, mithili ya mtu anayepunguza utambi wa taa. Sura nayo ikafifia. Kimya akaiongezea mwanga. Akiisogeza karibu ili aondoe chunusi, sura ikajaa skrini nzima, na skrini ikang'aa ghafla. Sura ikaonekana imezidi, akaipunguza. Akirudi nyuma aione picha yote, giza tena. Akaongeza. Akapunguza. Akaongeza. Mwisho wa kazi hakuwa akijua kama macho yake ni mazima, na printa ikawa ndiyo inayotoa hukumu. Hukumu yenyewe siku zote ilikuwa chokaa.

Wateja wengine waliichukua chokaa yao wakaenda zao. Wapo hata walioshukuru. Mwalimu Mkuu hakuwa mmoja wao.

"Nimempigia mkwe wangu," Shangazi alisema. "Anakuja. Yeye ni mtaalamu."

Hapo inafaa tumweleze huyo mtaalamu, maana watu wa aina yake wako wengi na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Mkwe wa Shangazi aliitwa Injinia. Uinjinia aliupata siku alipofaulu kuchomeka waya wa televisheni ya mama mkwe kwenye tundu lake, tundu lenye rangi nyekundu, waya wenye rangi nyekundu. Mama mkwe kwa furaha akasema, "Kumbe nimepata injinia!" Kijana akakidaka cheo kabla hakijagusa ardhi, na tangu siku hiyo hakuwahi kukiweka chini. Alitembea na begi jeusi lenye bisibisi kumi na mbili. Kumi na moja hazijawahi kugusa skrubu.

Injinia alifika Jumanne saa nne, akavuta kiti, akakipangusa, akakaa, akaitazama kompyuta bila kuigusa, jinsi daktari mkubwa anavyomtazama mgonjwa maskini.

"Tatizo ni dogo sana," alisema.

"Nilijua!" Shangazi akapiga makofi.

"Unaona hapa juu ya skrini, Mama? Katundu haka? Hili ni jicho. Linatazama chumba. Chumba kikiwa na mwanga, skrini inapanda. Chumba kikiwa na giza, skrini inashuka. Teknolojia."

"Shemeji," Kimya alisema taratibu, "lakini taa haijabadilika, na dirisha..."

"Subiri, mdogo wangu, subiri. Tunazungumza mambo ya kitaalamu." Akafungua mahali pa mipangilio, akaenda penye mwangaza, akapata mstari mmoja wenye alama ya tiki, akaiondoa tiki kwa kidole cha shahada alichokiinua kwanza hewani ili kila mtu akione. "Kwisha."

Chini ya mstari ule ulikuwapo mwingine, nao una tiki. Kimya aliuona. "Na huu, shemeji?"

"Huo wa betri. Huo usiuguse kabisa. Ukiugusa betri inaweza kulipuka, upoteze macho hayo unayoyategemea."

Akafunga ukurasa kabla Kimya hajamaliza kusoma, maana Kimya alisoma taratibu, neno kwa neno, na Injinia yeye alisoma kwa kasi ya mtu asiyesoma.

Kimya akafungua picha ya Mwalimu Mkuu. Skrini ikafifia.

Injinia akakohoa. "Kawaida. Jicho bado lina kumbukumbu." Akatoa plasta kwenye begi, plasta ya kidonda, akaibandika juu ya skrini. Jicho likafunikwa, na kamera nayo, na kwa kuwa plasta ilikuwa ndefu, hata nembo ya kampuni. Sasa kompyuta ilionekana kama imetoka kupigana baa.

Kimya akaisogeza sura karibu. Skrini ikang'aa.

"Aha!" Injinia akaruka. "Umeona ulichofanya?"

"Nimefanya nini?"

"Umeinama! Kila unapoivuta sura karibu unainama. Na umevaa blauzi nyeupe. Blauzi inapiga mwanga kwenye skrini, mwanga unapenya plasta, jicho linashtuka. Mama, tatizo ni blauzi."

"Kimya!" Shangazi alisema. "Na wewe kila siku kujipambia blauzi nyeupe, unakwenda wapi?"

Blauzi yenyewe ilikuwa sare ya studio, Shangazi ndiye aliyeishonesha. Lakini heshima ni heshima. Kimya akavaa juu yake koti jeusi la picha, lile la kuazimisha wateja, mikono ikimfika kwenye ncha za vidole. Akakaa wima kama mtu aliyemeza fimbo. Akaambiwa asiiname, asinyanyuke, asijipepee. Skrini ikafifia, ikang'aa, ikafifia. Injinia akasema sasa ni pumzi.

Jumatano Injinia alileta dawa kubwa zaidi. Alikata kipande cha mita tatu kwenye lile pazia jeusi la studio, akamfunika Kimya nacho pamoja na kompyuta, pamoja na meza. Akachuchumaa kukagua pindo za chini kama mtu anayefunga hema la mvua. "Sasa," alisema, "hakuna mwanga wowote duniani unaoweza kuingia humo. Fanya kazi."

Ndani mlikuwa na joto la tanuri. Feni ya kompyuta ilimpulizia Kimya usoni pumzi za moto, jasho likamtiririka hadi kwenye kope. Kwa nje alisikia mteja akiuliza, "Yule mmemfungia nini?" na Injinia akijibu kwa sauti nzito, "Tuko kwenye jaribio." Mle gizani, baada ya robo saa, macho ya Kimya yalishazoea, na ile skrini iliyofifia ikaanza kuonekana kali. Akaipunguza sura. Akaipunguza tena. Alipotoka, nywele zimelowa, printa ilikuwa imeshatoa picha, na Shangazi alikuwa ameishika mbali na mwili wake.

"Jumatatu ulimpaka chokaa," Shangazi alisema. "Leo umempaka masizi. Hebu niambie, huyu mama alikukosea nini?"

Kimya aliitazama picha. Macho ya Mwalimu Mkuu yalikuwa vidoti viwili kwenye shimo la mkaa.

"Mama, mimi nimeshamaliza upande wangu," Injinia alisema, akifunga begi la bisibisi ambazo hazikutoka. "Mashine ni nzima. Kilichobaki ni mtumiaji. Ila nisimlaumu bure, kesho nitaleta zile karatasi nyeusi za kubandika vioo vya magari. Tunabandika moja kwenye skrini. Ikitaka kung'aa, itang'aa na nani?"

"Mungu akubariki, baba," Shangazi alisema. Kisha akamgeukia Kimya: "Wewe toka hapo. Nenda mbele ukakate pasipoti, ujizoeshe."

Kwa hiyo Jumatano mchana kutwa Kimya alikata pasipoti. Picha nne nne, karatasi baada ya karatasi, mkasi ukienda kwenye mstari mweupe. Machozi yalimfika kwenye pua akayarudisha. Mwanafunzi, dereva, mama na mtoto mchanga anayefanana na ngumi, mzee mwenye masharubu. Zote alizisafisha yeye mwenyewe wiki ile, kwenye kompyuta ile ile. Alikuwa amekata karatasi ya kumi na moja mkasi uliposimama wenyewe.

Dereva alikuwa mweusi, na kwenye karatasi alikuwa mweusi. Yule mama alikuwa maji ya kunde, na alitoka maji ya kunde. Miezi miwili, mamia ya pasipoti, na hakuna hata moja iliyorudishwa. Chumba kile kile. Dirisha lile lile. Blauzi ile ile, maskini ya Mungu, iliyosingiziwa. Kama tatizo lilikuwa blauzi, mbona blauzi haikuwahi kumpaka dereva chokaa?

Tofauti ilikuwa moja tu. Pasipoti zilipigwa mbele ya ukuta mweupe. Picha kubwa zilipigwa mbele ya kitambaa cheusi.

"Mbona umesimama?" Shangazi aliita kutoka kwenye kaunta.

"Mkasi umekwama, Shangazi."

Alhamisi saa moja asubuhi Kimya alifungua studio kama kawaida, kwa kuwa funguo na ufagio vilikaa kwake. Ufagio aliuacha kwenye kona. Akaingia chumba cha kompyuta, akaweka kando hema la Injinia, akachukua kadibodi nyeusi ya kubandikia picha na wembe. Katika kazi ya picha kuna njia ya zamani: ukitaka kujua rangi ya kitu bila macho yako kudanganywa na majirani zake, funika majirani. Kimya akakata kwenye kadibodi tundu refu jembamba, akaiegemeza kadibodi mbele ya skrini, ikafunika kila kitu isipokuwa ule ukanda wa chini wenye saa. Ukanda ule ulikuwa wa kijivu cheupe, na haukuwa na sababu yoyote ya kubadilika. Saa ni saa, haijali nani amepigwa picha.

Kisha akaamuru picha zijipitishe zenyewe, moja nyeusi, moja nyeupe, moja nyeusi, moja nyeupe. Akarudi nyuma hadi mlangoni, mikono mgongoni, mbali na mashine kwa hatua nne. Hakuinama. Hakupumua sana, kwa heshima ya Injinia.

Ukanda ukafifia. Ukang'aa. Ukafifia. Ukang'aa.

Hapakuwa na mtu mbele ya skrini. Jicho lilikuwa bado na plasta yake. Jua dirishani lilikuwa limetulia kama maji ya mtungini. Na ule ukanda wa saa, ambao haukuguswa na chochote, ulipanda na kushuka kila picha ilipopita nyuma ya kadibodi.

"Haitazami chumba," Kimya alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. "Inatazama picha."

Ikiona weusi mwingi inajipunguza, ikiona weupe inajiongeza. Mtu mweusi mbele ya kitambaa cheusi, nayo inajizimia; na yeye, Kimya, siku zote hizi akimulika sura isiyokuwa na kosa ili kufidia uvivu wa mashine. Alicheka kidogo, kicheko cha hasira. Siku mbili za plasta na mahema, na hakuna aliyewahi kuiuliza mashine yenyewe inafanya nini.

Akafungua mipangilio. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumfungia ukurasa, akasoma kwa mwendo wake. Mstari wa kwanza, ule ulioondolewa tiki kwa kidole cha hewani: *Badilisha mwangaza mwanga wa chumba unapobadilika.* Mstari wa pili, ule wa mlipuko: *Badilisha mwangaza kulingana na kinachoonekana kwenye skrini.*

Alisoma mara mbili. Ilikuwa Kiswahili. Tena si Kiswahili cha fumbo, ni Kiswahili cha kununulia chumvi. Chini yake paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba hilo husaidia betri idumu. Kudumu ndiko Injinia alikokugeuza kulipuka.

Hata hivyo kidole chake kilisita. Woga ukishapandwa hauondoki kwa kusoma mara moja. Akasogeza uso pembeni, akafumba jicho moja, akaondoa tiki.

Betri haikulipuka.

Akarudi mlangoni. Picha nyeusi, picha nyeupe, picha nyeusi. Ukanda wa saa ulikaa pale pale, umetulia kama mtu aliyeacha kusumbuliwa.

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kazi, na kazi aliijua. Alitafuta kwenye droo picha kubwa ya zamani iliyotoka sawa enzi za kompyuta iliyokufa, akaiweka kando ya skrini, akaifungua ile ile kwenye kompyuta, akapandisha na kushusha mwangaza kwa mkono mpaka karatasi na skrini zikaacha kubishana. Ndipo akamleta Mwalimu Mkuu kwenye skrini. Sura ilikuwapo, siku zote ilikuwapo. Shavu la kahawa, mikunjo miwili kando ya mdomo iliyochongwa na miaka ya kuzuia kicheko mbele ya watoto, jicho moja dogo kuliko mwenzake. Aliondoa chunusi moja ya kidevuni. Vingine vyote aliviacha. Saa tatu alitoa jaribio dogo; saa nne alitoa kubwa.

Shangazi alipoingia aliikuta juu ya meza ya kioo. Aliizunguka mara mbili kabla ya kusema.

"Hii imetoka wapi?"

"Kwenye printa, Shangazi."

"Najua printa. Nauliza..." Hakumaliza, maana Mwalimu Mkuu alikuwa ameshasimama mlangoni, nusu saa kabla ya wakati, na gauni la kustaafia.

Mwalimu Mkuu hakuishika picha kwa vidole viwili. Aliinyanyua kwa mikono yote, akaenda nayo kwenye jua kama siku ile, akakaa nayo huko muda mrefu kiasi cha Shangazi kuanza kupangusa kaunta iliyokwisha kupanguswa.

"Huyu," alisema aliporudi, "namfahamu."

Wakati huo ndipo Injinia alipoingia, jasho kwapani, na bunda la karatasi nyeusi za vioo vya magari begani kama bazuka. Akaiona picha. Akauona uso wa mama mkwe wake umelegea kwa furaha. Bunda likateremshwa ukutani bila sauti.

"Si niliwaambia?" alisema. "Plasta ikikaa saa arobaini na nane, jicho linakufa. Nilihesabu. Nilijua Alhamisi itakuwa sawa."

"Mkwe wangu!" Shangazi alipiga makofi. "Una kichwa wewe! Mwalimu, huyu ndiye mtaalamu wetu. Na kuanzia kesho ndiye atakayekaa kwenye kompyuta, hatutaki tena wasiwasi."

Kimya alifungua mdomo. Miaka yote ya kunyamaza ilikuwa imekaa kooni kama mlinzi aliyezoea kufunga geti.

Mwalimu Mkuu alimtazama Injinia. Kisha akalitazama koti la picha lililotundikwa, pazia lililokatwa, bunda ukutani, na yule binti aliyekaa karibu na pazia huku midomo inamcheza. Watu waliofundisha miaka thelathini na tano wanajua darasani nani kanakili na nani kanakiliwa.

"Vizuri sana, baba," alimwambia Injinia. "Kwangu mwanafunzi aliyepata jibu namwambia anionyeshe njia. Twende, nionyeshe."

"Mwalimu, ni mambo ya ndani sana ya..."

"Nina dakika ishirini. Nimeshaelewa mambo ya ndani kuliko hayo."

Wote wakaingia chumba cha kompyuta. Injinia akakaa kwenye kiti. Akabonyeza plasta. "Hapa ndipo... mwanga unakatwa."

"Halafu?"

"Halafu skrini inatulia."

"Binti," Mwalimu Mkuu aligeuka, "ni kweli?"

Hapo ndipo Kimya alipoona kwamba akinyamaza sasa, atakata pasipoti mpaka azeeke. Alinyoosha mkono mbele ya Injinia, akaibandua plasta yote kwa mkupuo mmoja, akaibandika kwenye ukingo wa meza. Kisha akaiegemeza kadibodi mbele ya skrini, tundu likiacha ukanda wa saa peke yake, na kuzipitisha picha.

"Tazameni saa," alisema. Sauti yake ilitetemeka lakini ilitoka. "Plasta hakuna. Inabadilika?"

"Haibadiliki," alisema Mwalimu Mkuu.

Kimya akarudisha tiki kwenye mstari wa pili. Picha nyeusi ikapita. Ukanda ukafifia. Picha nyeupe, ukang'aa.

"Na sasa?"

"Sasa inacheza."

"Shangazi, unaiona?"

Shangazi alikuwa ameinama, miwani puani. "Naiona," alisema polepole, kama mtu anayelipishwa neno moja moja.

Kimya akaondoa tiki. Ukanda ukatulia. "Inatazama picha, haitazami chumba. Weusi ukizidi inajipunguza. Ndiyo sababu pasipoti zilikuwa nzima. Nimeligundua leo asubuhi. Plasta haikufanya kitu, wala pazia, wala blauzi."

Kimya kikaingia chumbani, na safari hii hakikuwa chake.

"Hata mimi nilikuwa naelekea huko huko," Injinia alisema hatimaye. "Nilikuwa naenda kwa hatua."

"Ulikuwa unaenda na karatasi za gari," alisema Mwalimu Mkuu. Akaifunga picha yake ndani ya bahasha, akainamisha kichwa kidogo kwa Kimya, jinsi anavyomwinamia mwalimu mwenzake, akaondoka kwenda kustaafu.

Shangazi alirekebisha miwani, akarekebisha pazia, akarekebisha na kile ambacho hakikuwa kimeharibika. Kuomba radhi hakukuwa miongoni mwa bidhaa za duka lile. "Haya, mkwe, mpishe mwenzio," alisema. "Kimya, kaa. Wale waliochukua picha za chokaa nitawaita warudi, uwasafishe upya."

"Sawa, Shangazi. Na blauzi yangu nairudia."

"Nani kakukataza blauzi?" alisema Shangazi, akatoka.

Injinia alisimama. Alikusanya begi lake taratibu, akachungulia nje ya pazia kuhakikisha mama mkwe yuko mbali, kisha akainama karibu na sikio la Kimya. Sauti ya kitaalamu ilikuwa imeachwa mahali fulani.

"Shemeji, hebu nionyeshe tena. Huo mstari, uko wapi hasa? Kuna mtu mwingine ana tatizo kama hili, nimemwahidi."

Kimya alikuwa ameshafungua sura ya mteja wa kwanza, mwanamume mwenye kovu juu ya nyusi. Hakugeuza kichwa.

"Umeandikwa, shemeji," alisema. "Soma."